Re: Filamu bubu yenye treni na wapenzi wanaopingwa na wazazi

Ndugu, kwa ulichouliza, itafute Our Hospitality ya Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu bubu wa Marekani, ya mwaka 1923. Kijana Willie McKay (Buster mwenyewe) anakutana na binti ndani ya treni, kumbe ni mtoto wa mzee Canfield, ambaye ukoo wake una kisasi na akina McKay. Desturi yao haiwaruhusu kumuua mgeni akiwa ndani ya nyumba, basi Willie anang'ang'ania asitoke! Treni imeundwa kwa mfano wa Rocket ya Stephenson, injini ya treni ya zamani ya Uingereza, na reli zimepita juu ya magogo na mawe. Dereva wa treni ni Joe Keaton, baba mzazi wa Buster. Binti ni Natalie Talmadge, mke halisi wa Buster wakati huo. Safari hiyo ya treni usiiruke hata kidogo, ndiyo utamu wenyewe.