Nasinzia Nikiomba

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Nilipookoka niliwaka moto. Siku hizi nikipiga magoti usiku baada ya kazi, maneno yanakauka, nasinzia. Je, nimerudi nyuma?

JIBU: Amina, binti yangu. Hujarudi nyuma, umechoka. (Hata sisi wachungaji husinzia.) Katika Marko 1:35 Yesu aliamka kabla ya mapambazuko, akaenda kuomba mahali pasipo watu. Jaribu alfajiri, kwa sauti, hata ukitembea. Maneno yakikauka, azima ya Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu: inaanza kwa kulalamika, inaishia kwa kuimba. Usikimbilie kule kwenye kuimba. Mweleze Mungu kwanza kinachokuuma, bila kupamba. Na mtafute dada mmoja kanisani muwe mnaombeana.