Kabla ya Kubandika Ilani ya Kikwapa Kazini

Ilani ya "Wafanyakazi wote mnaombwa kuzingatia usafi wa mwili" haijamsaidia mtu hata mmoja niliyemsimamia. Anayenuka huisoma akidhani inamlenga mwenzake, na aliye msafi hushinda akijinusa kwa wasiwasi. Nimesimamia zamu katika viwanda vya Industrial Area, Nairobi, kwa miaka mingi, na kesi za kikwapa zimefika mezani kwangu kuliko kesi za wizi. Naamini kanuni ya harufu kazini ni ya haki, maana watu wanaoshinda bega kwa bega wanastahili hewa nzuri. Ila mwajiri asiiandike kabla hajaweka bomba na sabuni.

Tazama watu wanavyofika. Alfajiri Barabara ya Lunga Lunga hujaa wanaotembea kutoka Mukuru, kwa sababu nauli ikitolewa kila siku kodi ya nyumba haitatimia. Wengi wametoka kwenye ploti ambazo bafu ni moja kwa wapangaji wote na maji hununuliwa kwa mtungi. Hata wa Umoja na Kayole wenye mifereji huishi kwa mgao: sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na mfereji wa mtaani unaweza kukaa mkavu siku kadhaa. Mtungi wa lita 20 ukishatoa chai, vyombo na watoto wa shule, mama wa zamu ya asubuhi anabakiwa na nini? Kumwambia huyo azingatie usafi ni kumtukana.

Nilipowapelekea wakubwa ombi la mabafu, jibu la kwanza lilikuwa gharama. Nikawafungulia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri awe na mahali panapofaa pa kunawia, na mahali pa kuweka nguo ambazo mfanyakazi havai akiwa kazini. Tulipata mabafu, ndoano za nguo, sabuni ya kipande, na ruhusa ya kuingia mapema kabla ya zamu. Malalamiko yakapungua kabla kanuni yenyewe haijaandikwa. Tulipoiandika, tulisema inamhusu meneja sawasawa na kibarua, na marashi makali tukayatia humo humo, kwa kuwa mwenye pumu anaweza kubanwa na manukato ya mtu aliyeoga vizuri.

Kazi ngumu ni kumwambia mhusika. Mwambie wewe mwenyewe, mkiwa wawili, mwisho wa zamu. Ukimwambia asubuhi atafanya kazi siku nzima na aibu kifuani. Tulikuwa na fundi wa mashine aliyetuzidi wote umri, na vijana walikuwa wameanza kumwachia vipande vya sabuni juu ya mashine yake. Nilianza na hao vijana, na onyo nililowapa lilikuwa kali kuliko lolote nililowahi kutoa kwa sababu ya harufu. Kisha nikamwita pembeni: "Mzee wangu, nina jambo la kukwambia kwa heshima. Ovaroli yako imeanza kutoa harufu ya jasho, na sitaki uisikie kwa watu. Kuna mahali naweza kukusaidia?" Akanijibu, "Asante mwanangu. Ninayo moja tu, na baridi hii ya Julai nikiifua Jumamosi, Jumatatu bado ni mbichi." Stoo ilikuwa na ovaroli za ziada. Yakaishia hapo.

Mara nyingine maji na sabuni havitoshi. Kuna wanaotokwa na jasho kupita kiasi hata wakiwa wametulia, na kuna hali adimu ambapo mwili unashindwa kuvunjavunja kemikali fulani inayotokana na vyakula kama samaki, mayai na maharagwe, hata mtu akanuka kama samaki aliyeoza ilhali ameoga. Pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno inaweza kuwa dalili ya hatari kwa mwenye kisukari, na huyo apelekwe hospitali mara moja. Kwa hiyo uliza kabla ya kuandika barua ya onyo. Na ikifika hatua ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa la nidhamu au kwa hali ya mwili wake, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama.

Mahali pa umma pana hesabu tofauti. Huko Marekani, mwaka 1992, mahakama ya rufaa iliikubalia maktaba ya mji wa Morristown, New Jersey, iwe na kanuni ya kumtoa mtu ambaye harufu yake ni kero kwa wengine. Aliyeishtaki, Richard Kreimer, hakuwa na makazi. Naelewa hoja ya maktaba, lakini hapa kwetu sikubali mvuta mkokoteni arudishwe kwenye foleni ya kitambulisho kwa sababu ya jasho la kazi yake. Fungua madirisha, mhudumie, aende. Kwenye matatu pia, kioo kikifunguliwa kidogo hata mvua ikinyesha, hakuna haja ya kumfokea mtu.

Sasa wewe mwenyewe. Jasho likitoka halina harufu kubwa; wanaolifanya linuke ni bakteria walioko kwenye ngozi, hasa kwapani na kwenye kinena. Nusu beseni ya maji inatosha kuosha sehemu hizo na miguu, mradi ujikaushe kabisa kabla ya kuvaa. Dawa ya kuzuia jasho ipake usiku kwenye ngozi kavu, hapo hufanya kazi vizuri zaidi. Wengine hutumia shabu na inawafaa. Limau silipendekezi, huchoma ngozi iliyonyolewa. Shati la poliesta hushika harufu kuliko la pamba, basi ukichagua mitumba Gikomba soma lebo. Na msimu wa baridi usisahau sweta na jaketi. Watu huoga kila siku kisha huvaa jaketi ambalo halijaona maji tangu Mei.

Ukiitwa pembeni, shukuru, halafu uulize kama harufu inatoka mwilini, kwenye nguo au kwenye viatu, kwa sababu dawa zake si moja. Ikiwa ni viatu, tafuta jozi ya pili hata ya bei rahisi, uvae moja leo na nyingine uianike juani hadi kesho.