Uliza Fundi: Spana za Babu

SWALI: Shikamoo fundi. Juzi nasafisha stoo ya babu kule kihambani Marangu nikakuta boksi la spana za Land Rover yake ya 1957, zimeandikwa 1/4 W na BSF, pamoja na chuma kimepinda kama Z. Fundi mmoja wa Moshi mjini ananiambia niuze skrepa eti hazifungui kitu. Kweli?
– Mjukuu, Moshi

JIBU: Marahaba mjukuu, usiuze hata moja! Hizo ni Whitworth (ndiyo hiyo W) na nduguye BSF, vipimo vya zamani vya Uingereza, na namba inataja unene wa bolti siyo upana wa kichwa, ndo maana watu wanachanganyikiwa. Hiyo ya 1/4 W mdomo wake ni kama milimita 13.3, sasa kwenye nati za Land Rover hiyo spana ya milimita 13 haiingii, ya 14 inacheza mpaka inakula kona za nati (na hapo fundi anakuambia nati ni mbovu, nyie!). Loweka spana zako kwenye dizeli usiku mzima, sugua kwa brashi ya waya, paka oili. Hicho chuma ni hendeli ya kuwashia gari, ila weka gia huru na dole gumba lilale upande mmoja na vidole vingine, injini ikirudisha hendeli nyuma itakuvunja kidole.