Kutoka mnyororo wa mpima ardhi hadi atomu

Mdogo wangu wa Malindi, umeuliza mnyororo mmoja wa wapima ardhi wa zamani una nusukipenyo ngapi za Bohr (kipimo cha ukubwa wa atomu ya hidrojeni), na kwa nini kikokotoo chako kinang'ang'ania 0.

Usitafute njia ya mkato kati ya vipimo hivyo viwili, pitia mita. Mnyororo wa Mwingereza Edmund Gunter, wa mwaka 1620, una pete 100 na urefu wa futi 66. Futi ni mita 0.3048 kamili, basi mnyororo ni mita 20.1168. Nusukipenyo ya Bohr ni mita 5.29177 × 10⁻¹¹. Gawa namba peke yake: 20.1168 ÷ 5.29177 ni 3.8015. Kipeo cha namba ya chini, ile -11, kikipanda juu kinageuka chanya, 10¹¹. Jibu ni kama bilioni 380.

Ile 0 inatokana na kuandika sifuri zote mpaka nafasi ikaisha. Bonyeza 5.29177, kisha EXP (kitufe chenye maana ya "mara 10 kwa kipeo"), kisha -11. Usiongeze "× 10", hapo ndipo wengi huharibu.

Ukitaka kujaribu na urefu wa Planck, kipimo kidogo mno cha fizikia, mita 1.616 × 10⁻³⁵, njia ni ile ile. Kwa kuwa 1.616 ina tarakimu 4, jibu lako nalo liishie tarakimu 4 tu.

Ama hati ya shamba la babu uliyoitaja, hiyo ni habari nyingine. Minyororo 10 ya mraba ni ekari 1, lakini hakikisha kwanza ni ya futi 66. Wahandisi walikuwa na wao wa futi 100, na kwenye minazi ya urithi tofauti hiyo ni kesi.