Jibu: Jirani amefiwa na mume, tanga limeanuliwa, nimsaidieje?

Habari ndugu, mfikishie pole. Umesema watu wameondoka siku ya tatu, sasa anajifungia ndani na hujui uanzie wapi.

Anzia jikoni: je, anakula? "Ukihitaji chochote nipigie" haisaidii, hatapiga. Mwambie "kesho saa saba naleta wali na maharage", kisha ulete kweli. Kidogo tu, kwenye hotipoti, cha kutosha yeye na watoto; chakula kingi huishia kuchacha na kumwongezea kazi ya kuosha masufuria.

Ukikaa naye, mtaje marehemu kwa jina. Watu hukwepa wakidhani watamkumbusha, utadhani amesahau! "Jikaze" ameshaambiwa na kila aliyepita mlangoni.

Kama ni Mwislamu, yuko eda, muda wa mjane kutulia nyumbani, miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito. Usimvute kutoka "akabadilishe mawazo". Mfuate wewe, na umbebee safari za sokoni.

Halafu karatasi. Kibali cha mazishi kisipotee, kitahitajika RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo Tanzania, kufuatilia cheti cha kifo. Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida itataka cheti hicho na muhtasari wa kikao cha ukoo ndipo mirathi ifunguliwe. Kabla ya hapo pesa za marehemu benki kwa kawaida hazitoki. Muulize mapema nani wa ukoo anaandika muhtasari, hapo ndipo mambo hukwama.

Akianza kusema anataka kumfuata mumewe, asilale peke yake. Mwite ndugu yake usiku huohuo, mmpeleke hospitali.