Nina laki nne, nianze na inteki?

SWALI: Kaka habari za kazi, mi msomaji wako wa Makorora hapa Tanga. Nimepata Altezza yangu ya kwanza, ile ya silinda sita injini ya 1G, otomatiki, ya 2001, iko freshi haina shida kubwa. Sasa nataka nianze kuipandisha mdogo mdogo, na washkaji kijiweni wote wanasema anza na inteki ya hewa baridi, yaani bomba na filta ya kuivutia injini hewa ya nje isiyo na joto. Kuna jamaa anauza filta ya uyoga iliyotumika laki na nusu, afu kuna bomba zima linaloshuka mpaka kwenye bampa, hilo la kuagiza, linafika laki nne na usafiri wake. Wanasema inaongeza hp 20 (nguvu za farasi) na mafuta inakula kidogo. Nichukue ipi? Gari naendea kazini, wikiendi Pangani, na mara moja moja Lushoto kwa wazazi.

JIBU: Mdogo wangu hongera kwa gari, Altezza ikitunzwa bado inageuza shingo za watu pale Chumbageni.

Hizo hp 20 zitoe kichwani kabla hatujaenda mbali. Injini yako ilitoka kiwandani na hp 160, haina tabo, na inteki peke yake bila kugusa egzosti wala kompyuta kwenye injini ya namna hiyo inakupa hp chache tu, ukipata tano shukuru, na hata hizo tano hazikai chini unapozihitaji ukitoka kwenye taa, zinakuja huko juu mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ukiwa unakaribia mwisho na mguu umekanyaga mpaka chini. Gari ina zaidi ya kilo 1,300 afu ni otomatiki. Hutozisikia. Utakachosikia ni mlio, na mlio ndo unaodanganya watu, maana sikio likisikia injini inanguruma mgongo nao unajisikia umesukumwa. Kama ni mlio unautaka sema tu nautaka mlio, sio dhambi, kijana na gari yake, ila usije kuniambia umenunua nguvu.

La mafuta ndo hamna kabisa. Gari ya petroli ikiwa inatembea taratibu kinachobana hewa sio filta, ni ile sahani ya throto ambayo we mwenyewe umeifunga nusu kwa kutokanyaga, kwahiyo hata ungetoa filta yote ukatupa, injini bado inapata hewa ileile uliyoiruhusu kwa mguu. Maabara ya Oak Ridge kule Marekani walilipima hili 2009, wakachukua magari wakaziba filta makusudi, na kwenye haya ya kisasa yanayopimiwa mafuta na kompyuta ulaji haukubadilika kwa kiasi cha maana, kilichopungua ni kuchomoka tu. Sasa kama filta iliyoziba haiongezi ulaji, hiyo iliyo wazi itapunguza nini?

Tuje kwenye uyoga wa laki na nusu. Huo sio inteki ya hewa baridi hata kidogo, ni kinyume chake. Unatoa boksi zima la ea klina (filta ya hewa), unabaki na filta iko uchi katikati ya chumba cha injini, rejeta mbele, manifodi ya moshi pembeni, na unavuta hewa hiyohiyo iliyochemka. Ni sawa na kumwambia mtu akimbie huku uso kauinamisha kwenye jiko la mkaa. Hewa ikipanda joto inakuwa nyepesi, na hesabu yake haina siri: hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa kama asilimia 9 ukilinganisha na ya nyuzi 30. Na nyuzi 60 chini ya boneti ukiwa umesimama kwenye foleni, Januari au Februari hii yetu ambayo hata kivulini unatokwa jasho, ni kitu cha kawaida kabisa. Ukianza kutembea kasi joto linashuka, ni kweli, ila Tanga mjini kasi utaipatia wapi, ukikwepa baiskeli tatu ushafika Raskazone.

Na hiki ndo wengi hawakijui, inteki ya hewa baridi tayari unayo. Toyota hawakuwa wajinga. Fungua boneti uangalie boksi la ea klina linavutia wapi, kwenye Toyota nyingi utakuta kuna shingo ya plastiki nyeusi inatoka kwenye boksi inaenda mbele, juu pembeni ya rejeta au nyuma ya taa, inachukua hewa ya nje ambayo haijapita kwenye injini. Wasiwasi wangu ni kwamba kwenye gari zilizopita mikono mingi hiyo shingo mara nyingi haipo, fundi alitoa siku anabadilisha taa au anashusha rejeta, akaona inamsumbua kuirudisha, akaiacha juu ya benchi, na boksi likabaki linavuta joto la ndani miaka na miaka. Au klipu mbili za mfuniko zimevunjika, mfuniko umeinuka upande mmoja, na vumbi linapita pembeni ya filta bila kuchujwa. Au ile hosi ya mpira yenye mikunjo inayotoka kwenye boksi kwenda throto imepasuka kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uikunje kwa mkono. Kagua hivyo vitatu kwanza. Shingo ya mtumba unaipata kwa wauza spea kwa hela ambayo haiumi, na ukiirudisha umeshafunga inteki ya hewa baridi tena ya Toyota wenyewe.

Ukitaka kuwa na uhakika tafuta kile kidude cha OBD cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, chomeka chini ya dashibodi, fungua kwenye simu usome joto la hewa inayoingia. Kama nje ni 31 na gari ikiwa inatembea inasoma 35 au 36, boksi lako linafanya kazi, hakuna bomba la laki nne litakalokupa cha maana zaidi ya hapo. Kama inasoma 50 huku unatembea, basi ama shingo haipo ama kuna mahali panavuta ndani. Soma kabla hujanunua chochote, afu siku ukifunga soma tena, njia ileile na muda uleule wa mchana, hapo hakuna wa kijiweni atakayekubishia.

Bomba la bampa lenyewe kwa hewa ni zuri, kule chini kweli kuna hewa ya nje, hilo sibishi. Tatizo ni maisha ya gari yako. We unaishi mji ambao masika ikikolea kuna mitaa unapita maji yakiwa magotini, na bomba hilo linaweka filta nyuma ya bampa, kimo cha goti. Matone na maji ya kurushwa na tairi hayana shida sana, lakini filta ikizama injini inavuta maji, na maji hayakandamiziki kama hewa, pistoni ikipanda ikakuta maji kinachokubali ni konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, inapinda. (Soma swali la dada hapo chini.) Afu vumbi. Ukiacha lami ukaingia njia za vijijini huko Pangani filta ya bampa inakula mchanga wa tairi la mbele moja kwa moja, na mchanga ukipita hata kidogo unakwangua kuta za silinda mpaka gari inaanza kula oili.

Kuna na sensa ya hewa, ile iliyochomekwa kwenye bomba baada ya ea klina. Ndani ina kiwaya chembamba sana kinachopashwa moto, na kompyuta inahesabu hewa kwa jinsi kinavyopoozwa. Hesabu hiyo imetengenezwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Ukifunga bomba pana zaidi hewa inapita taratibu mbele ya sensa, kompyuta inadhani imeingia kidogo, inamwaga petroli pungufu, na hapo utaanza kuona taa ya cheki injini na namba ya kosa P0171 (petroli pungufu kwa hewa) na gari inakohoa ukiwa silensa, yaani imewashwa bila kukanyaga. Filta za pamba zinazopakwa oili, zile za kuosha, ukizidisha oili inaruka inaenda kukaa kwenye kile kiwaya, shida ileile. Ndo maana uyoga uliotumika sikushauri hata kwa elfu ishirini, hujui umeoshwa na nini, umepakwa oili gani, mpira wa shingoni umekakamaa kiasi gani.

Kwahiyo laki nne yako mi ningeitumia hivi: filta mpya ya karatasi orijino, plagi sita mpya maana 1G ikiwa na plagi mbili zimechoka hata ufunge inteki ya dhahabu haitoki, spirei maalum ya kusafisha sensa ya hewa (sio ya kabureta, na usiguse kile kiwaya kwa kidole wala pamba), throto isafishwe, na hosi kama imepasuka. Gari itabadilika mpaka ushangae, sio kwa sababu umeongeza kitu, ni kwa sababu ilikuwa imepoteza vyake. Inayobaki peleka kwenye bureki pedi. We si unaenda Lushoto, unajua mwenyewe zile kona kushuka Mombo, pale hakuna anayekuuliza una inteki gani.

Ukishafanya hayo na roho bado inataka mlio, chukua ile yenye boksi lake lililofungwa, inayovutia kimo kilekile cha boksi la zamani, filta kavu isiyo ya oili, na sehemu ya sensa iwe na kipenyo sawa na cha orijino, pima kabla hujalipa. Kufunga fundi yeyote makini wa hapo mjini anaweza, ni bisi bisi na spana ya kumi, ila simama naye: kibomba cha mvuke wa oili kinachotoka kwenye injini lazima kirudishwe kwenye bomba jipya, sio kuachwa kinaning'inia, bomba lishikwe na breketi yenye mpira maana injini inatikisika, na klampu ziwe stenlesi, upepo wetu wa chumvi za kawaida unazila upesi. Ukiendesha kwenye vumbi wiki kadhaa fungua upitishe kidole ndani ya bomba baada ya filta, kidole kikitoka na unga filta haichuji, itoe. Na boksi lako la zamani lipeleke nyumbani ulifunike na gunia, ukimwachia fundi ndo basi tena.

SWALI: Kaka shikamoo. Gari ya mume wangu ina hilo bomba la kwenye bampa, juzi kapita kwenye maji hapa Mikanjuni ikazima palepale. Vijana wakasukuma wanataka kuistua, yeye akakataa. Alifanya sawa? Tufanyeje?

JIBU: Marahaba dada, na mumeo mpe chai nzito, kaokoa injini. Ikizima kwenye maji usipige stata na usiistue kwa kusukuma, hata mara moja, maana inawezekana maji yameingia lakini bado hayajapinda kitu, ile stata ya pili ndo inayopinda. Ivuteni mpaka gereji. Fundi atoe ea klina aangalie kama imelowa na bomba kama lina maji ndani. Kama lina maji atoe plagi zote, akate umeme wa mafuta na wa koili, ndo apige stata huku matundu ya plagi yako wazi, maji yatarushwa nje, asimame pembeni. Oili aivute kijiti, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa imwagwe yote na filta yake. Afu apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda moja moja, ikikutwa moja iko chini sana kuliko wenzake hapo konrodi imepinda na itabidi ifunguliwe. Zikiwa sawa zote mmepona, rudisheni boksi la kiwandani.

SWALI: Kijana, mimi mzee wako wa Ngamiani, nina Noah ya kuchukulia wajukuu shule. Fundi wangu kila servisi anapuliza ea klina kwa upepo wa kompresa inakuwa nyeupe, ananiambia bado nzima. Naona wewe unaandika watu wanunue mpya. Nani mkweli?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Fundi hajakosea sana, inategemea anapuliza vipi. Upepo ukiwa mdogo, kutoka upande safi kuja upande mchafu, na mdomo wa pampu ukiwa mbali na karatasi, unasogeza siku mbele kidogo. Akiweka upepo mkali karibu karibu karatasi inatoboka vitundu ambavyo kwa macho huvioni, afu filta inakuwa nyeupe kweli ila vumbi linapita. Mwambie mjukuu awashe tochi ya simu, muingie chumbani muzime taa, aiweke nyuma ya filta apitishe mkunjo kwa mkunjo. Mwanga hafifu uliosambaa ni sawa. Ukiona nukta kali zinachoma jicho hiyo ya kutupa, hata kama imepulizwa jana. Na angalia mpira wa pembeni, ukiubonyeza usiporudi hauzibi tena. Kwa gari ya mjini inayopeleka watoto shule, mpya moja inakaa muda mrefu tu na bei yake haifikii hata tenki nusu.