Nyumba ya kupanga kijijini Ureno: je, nilipe miezi sita bila mkataba?

SWALI: Mimi na mume wangu tumeishi Leicester kwa zaidi ya miaka 30 na sasa sote tumestaafu, mimi nina miaka 68, yeye 71, na tuna uraia wa Uingereza. Pensheni zetu za serikali, pamoja na ile ndogo niliyoichuma hospitalini, zinafikia pauni 1,700 kwa mwezi, na karibu nusu yake inamezwa na pango. Tumekusudia kuhamia kijiji kimoja katikati ya Ureno, mahali ambapo wajukuu wanaweza kutufikia kwa safari fupi ya ndege. Mtandaoni nimeona nyumba ya mawe karibu na Fundão kwa euro 300 kwa mwezi. Mwenyewe anataka pango la miezi sita kwa mkupuo na anasema mkataba hauna haja, kwani kule kijijini watu huaminiana. Je, tumtumie fedha hizo?
Mama wa Chumbageni, Leicester

JIBU: Shikamoo, mama. Usimtumie. Huenda mtu huyo ni mwaminifu kabisa, na mimi simshuku kwa sababu tu anapenda fedha taslimu, lakini hata akiwa mwaminifu, anachokuuzia si kile unachokihitaji. Tangu Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya, ninyi wawili mnaruhusiwa kukaa Ureno bila viza kwa siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Kuhamia kunahitaji viza ya ukaazi, na inayowafaa wastaafu ni ile iitwayo D7, ambayo huombwa kabla ya kuhama na ambayo mwombaji wake hutakiwa kuonyesha mahali pa kuishi, kwa kawaida kwa mkataba wa pango wa miezi 12. Kwa hiyo nyumba ya euro 300 isiyo na karatasi haiwafikishi popote, ilhali nyumba ya euro 380 yenye mkataba uliosajiliwa ndiyo rahisi kwenu, ingawa kwa hesabu ya mwezi inaonekana ghali.

Upande wa kipato msiwe na wasiwasi. Kipimo cha viza hiyo ni kima cha chini cha mshahara wa Ureno, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 870 kwa mwezi, na mwenzi huongezewa nusu yake, yaani jumla ya euro 1,305 kwa watu wawili. Kima hicho hupandishwa karibu kila Januari, basi kiangalieni upya siku ya kuomba, lakini pauni zenu 1,700 zinakivuka vizuri. Wekeni pia akiba benki, kwa sababu maofisa wa viza hupenda kuiona.

Mkataba unaofaa ni ule ambao mwenye nyumba ameuandikisha katika ofisi ya kodi, ambayo Wareno huiita Finanças, na ili jina lako liingie humo ni lazima kwanza upate namba ya mlipakodi, yaani NIF. Ushuru wa stempu unaolipwa na mwenye nyumba ni asilimia 10 tu ya pango la mwezi mmoja, kwa hiyo akikuambia kwamba gharama ya kuandikisha ndiyo inayomshinda, ujue kwamba kinachomtisha ni kodi ya mapato atakayodaiwa kila mwaka. Hapo pana nafasi ya kuzungumza. Mimi ningemwongezea kidogo juu ya bei yake ili akubali kuandikisha, kuliko kumwachia nafuu ambayo itanigharimu viza.

Liko jambo jingine ambalo matangazo ya mtandaoni hulificha. Nyumba nyingi tupu katika vijiji vya wilaya ya Castelo Branco, ambamo Fundão imo, na majirani zake ni za urithi, na warithi wenyewe wanaishi Ufaransa, Uswisi au Luxemburg, walikokwenda wazazi wao kutafuta kazi. Anayekutumia picha anaweza kuwa mmoja tu kati ya ndugu watano, na wengine hawana habari. Omba uonyeshwe caderneta predial, hati ya ofisi ya kodi inayotaja mwenye mali. Ikiwa humo limeandikwa jina la marehemu, mkataba utiwe sahihi na msimamizi wa mirathi, na ndugu wote wawe wamekubali.

Habari njema ni kwamba warithi hao hurudi kwao mwezi Agosti. Wakati huo kijiji hujaa, harusi na sikukuu za watakatifu hufuatana, na mtu akikaa mkahawani asubuhi mbili tatu na kueleza anachotafuta, ataelekezwa kwenye nyumba ambazo hazijawahi kutangazwa mahali popote. Ulizeni pia katika junta de freguesia, ofisi ndogo ya serikali ya mtaa, kwa sababu karani wake hujua kila mlango uliofungwa. Kireno chenu kitakuwa cha kubahatisha, lakini mtu wa Tanga kama wewe haanzi mikono mitupu: maneno meza, bendera na kasha tuliyapata kwa Wareno.

Hata hivyo, nyumba iliyoonwa Agosti haijaonwa bado. Rudini Januari. Kuta nene za mawe zinazotuliza joto la kiangazi hugeuka kuwa jokofu wakati wa baridi, nyumba nyingi za kale hazina mfumo wa kupasha joto isipokuwa jiko la kuni, na ukungu hupanda ukutani nyuma ya kabati bila mtu kuuona. Ombeni bili za umeme za miezi ya baridi iliyopita. Ulizeni pia kiwango cha umeme kilichomo katika mkataba wa umeme wa nyumba, ambacho hupimwa kwa kVA, yaani nguvu inayoweza kutumika kwa wakati mmoja: pale penye kVA 3.45, hita moja ikiwaka pamoja na birika na oveni, swichi kuu huanguka na mnabaki gizani. Magoti ya mume wako nayo yaingie katika hesabu, maana vijiji vingi vya huko vimejengwa kwenye mteremko, na vyumba vya kulala huwa juu, juu ya ghala la zamani.

Kuhusu matibabu, kwa kuwa mnapokea pensheni ya serikali ya Uingereza, mna haki ya fomu ya S1, inayowawezesha kujiandikisha katika kituo cha afya cha huko kama wakaazi wengine, gharama zikibebwa na Uingereza. Pimeni umbali kutoka mlangoni hadi kituo hicho kabla ya kupima ukubwa wa bustani, na mwulize dereva wa basi, si mwenye nyumba, kwamba basi hupita mara ngapi shule zikifungwa. Pensheni yenyewe itaendelea kuongezwa kila mwaka mkiwa Ureno, jambo ambalo lisingekuwepo kama mngerudi Tanga, ambako ile ya Uingereza hubaki pale ilipokuwa siku mlipohama. Kodi, kwa upande mwingine, itawagusa: utaratibu wa nafuu uliowavuta wastaafu wengi Ureno ulifungwa kwa waombaji wapya mwaka 2024, isipokuwa wachache wa kipindi cha mpito.

Msiogope kufungwa na mwaka mzima. Katika mkataba wa mwaka mmoja, sheria ya Ureno humruhusu mpangaji kuuvunja baada ya theluthi moja ya muda kupita, yaani miezi minne, mradi atoe taarifa ya siku 120.

Kwa sasa mwandikie bwana wa Fundão kwa adabu, umwombe nakala ya caderneta, rasimu ya mkataba wa miezi 12, na ruhusa ya kuja kuiona nyumba kabla hujatoa hata senti. Akinyamaza, euro zenu 1,800 bado mnazo.